Deni Lisilolipika kwa Hawala

Kila ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, madaraja yanayovuka mto baina ya Laredo ya Texas na jirani yake Nuevo Laredo upande wa Meksiko hujaa magari makubwa yenye namba za Texas, Illinois, Georgia na Carolina ya Kaskazini, yaliyofungwa juu ya paa baiskeli za watoto, magodoro, majokofu yaliyokwisha tumika na masanduku ya nguo, na ndani yake wameketi bega kwa bega baba, mama, watoto, na pengine shangazi mmoja aliyeomba nafasi, wote wakielekea vijiji ambavyo ramani nyingi hazikuvitaja kabisa. Watasafiri siku mbili, na wengine tatu, wakilala kidogo na kula ndani ya gari, ili wawe kwao kabla ya sikukuu ya Noeli.

Mtu wa elimu ya nasaba na jamaa, akiwaona, hana budi kujiuliza sababu ya taabu hii. Fedha zenyewe hazihitaji gari. Mwaka 2023 wahamiaji walituma Meksiko zaidi ya dola bilioni 60, na dola hizo huvuka mpaka kwa dakika chache, bila ya foleni wala ushuru wa barabara. Lau haja ingekuwa kuwalisha wazee tu, hawala ingetosha, na madaraja yangekuwa matupu. Naamini, na ndiyo maudhui ya makala haya, kwamba katika ujamaa wa mashamba ya Meksiko yako madeni ambayo fedha haiwezi kuyalipa, kwa kuwa mdai wake hataki mali. Ataka kuuona uso wa mdaiwa, umekaa barazani kwake.

Desturi hii ina historia yake. Barabara kuu ya kutoka Laredo hadi Jiji la Meksiko ilifunguliwa mwaka 1936, na miaka sita baadaye, vita vilipoyapunguzia mashamba ya Marekani wafanyakazi wake, serikali mbili hizo zilifanya mapatano yaitwayo Bracero, ambayo tangu 1942 hadi 1964 yalitoa mikataba ya kazi kiasi cha milioni 4.5, nayo yakawazoeza wanaume wa Zacatecas, Jalisco, Guanajuato na Michoacán kwenda kuvuna ughaibuni na kurejea msimu ukiisha. Mapatano yalipokoma watu hawakukoma kwenda, ila sasa walikwenda kwa siri. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliwapa hati za kukaa watu milioni 2.7 hivi, walio wengi wao Wameksiko, na mtu aliyekuwa akivuka usiku kwa hofu aliweza kununua gari, kulisajili kwa jina lake, na kurudi kwao mchana kweupe na mkewe na wanawe. Walirudi wengi mno hata maofisa wa mpakani wakawageuza shamba la kuvuna hongo, ndipo serikali ya Meksiko mwaka 1989 ikaanzisha Programu ya Paisano, muradi wake kuwalinda wenyeji warejeao na dhuluma ya watumishi wa serikali yenyewe.

Tufuate safari moja, ya kwenda Jalpan de Serra katika milima ya Sierra Gorda, jimbo la Querétaro, kwani huko mambo haya yameshika mizizi. Ukanda wa mpakani u huru, lakini apitaye kituo cha kilomita 26 kusini ya Nuevo Laredo na gari la kigeni sharti awe na kibali kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, ambacho hutolewa na benki ya jeshi kwa ada pamoja na amana ya dola 200 hadi 400 kwa kadiri ya umri wa gari, nacho hudumu siku 180. Kutoka hapo barabara hufika Monterrey, hugeukia Saltillo, kisha huishika njia kuu ya 57, ikipasua nyika kavu ya dungusi hadi Matehuala, ambako kusini yake kidogo msafiri huvuka mstari wa Tropiki ya Kansa, na mwisho San Luis Potosí, zaidi ya kilomita 700 tangu mtoni. Aghalabu ziko njia mbili: ya kulipia, pana na nyoofu, na ya bure, ipitayo vijijini juu ya matuta ambayo mengine hukwaruza tumbo la gari lililoshiba mizigo. Wenye watoto huchagua ya kulipia, na husafiri mchana tu, kwa sababu wizi wa njiani katika Tamaulipas, jimbo lenye Nuevo Laredo, ni jambo la hakika lililowafika watu. Kwa ajili hiyo watu wa Sierra Gorda wamejizoeza kukutana Laredo siku moja, kupanga magari yao kwa safu, na kuondoka alfajiri kwa msafara mmoja unaosindikizwa na askari. Gari likiharibika hupigwa simu namba 078, na magari ya kijani ya Ángeles Verdes, huduma ya serikali tangu mwaka 1960, huja na fundi asiyedai ujira wa mikono yake. Kutoka San Luis Potosí msafiri hufika Rioverde, mji wa machungwa, na baada yake njia ya 69 huingia milimani na kuteremka hadi bonde la Jalpan, mahali penye mojawapo ya makanisa matano ya Wafransisko wa karne ya 18 ambayo UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia mwaka 2003.

Gari likisimama uani, hakuna afunguaye mizigo kwanza. Watoto waliozaliwa Houston, ambao huko kwao huingia nyumbani na kwenda moja kwa moja chumbani, hapa husukumwa taratibu mbele ya babu na bibi, mmoja baada ya mmoja, watoe mkono, wakubali kukumbatiwa, na wamjibu mkubwa kwa lugha ya taadhima hata kama Kihispania chao kimechanika. Kisha huja wajomba na ma-ami kwa daraja zao, na majirani, na kila aliyemo barazani hupata salamu yake mwenyewe. Kusalimu kundi zima kwa neno moja na kupita huhesabiwa utovu wa adabu. Kesho yake huanza mzunguko wa ziara. Kila nyumba ya akraba itazamia kutembelewa, kila nyumba itaandaa chakula, na chakula hakikataliwi, hata iwe mgeni amekwisha kula mahali patatu. Nyumba iliyorukwa huikumbuka siku hiyo kwa miaka.

Hapo ndipo hutokea pia somo la nasaba ambalo skuli za Marekani haziwezi kulitoa. Mmeksiko huchukua majina mawili ya ukoo, la kwanza la babaye na la pili la mamaye, na mwanamke hapotezi majina yake kwa kuolewa, hivi kwamba jina kamili la mtu ni shahada ya nyumba mbili alizotoka. Ughaibuni jina la pili hudondoka katika makaratasi ya skuli na kazi. Kijijini bibi mkongwe humwuliza mtoto majina yote mawili, na akiisha kuyasikia humwambia palepale ni nani katika wale walioketi aliye ndugu yake, na kwa upande upi.

Lakini udugu wa damu ni sehemu moja tu ya habari. Sehemu nyingine, nami naiona kuwa ndiyo ufunguo wa safari yote, ni udugu unaoundwa kanisani. Mtoto akibatizwa hupewa baba na mama wa ubatizo, na kwa tendo hilo wazazi wake na wasimamizi wake huwa compadre na comadre, jamaa wa kila siku, wenye haki ya kuombana msaada na wajibu wa kustahiana. Watu wawili waliokua pamoja wakirushiana mawe, wakiisha kuwa macompadre, aghalabu huacha kuitana kwa lugha ya utani na kuanza kutumia ile ya heshima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilizuia ndoa baina ya mbatizwa na msimamizi wake, na ingawa ile ya mwaka 1983 iliuondoa mzuio huo, ada ya vijijini hata leo huona vibaya sana mapenzi baina ya macompadre wenyewe. Mwaka 1950 wanaanthropolojia Sidney Mintz na Eric Wolf waliandika uchambuzi wa mkataba huu ambao ungali unasomwa, wakionyesha kwamba uhusiano huu huweza kwenda pembeni, baina ya watu wa hali moja, au kwenda juu, maskini akimwomba tajiri. Na mahali ambapo maisha hubadilika kwa haraka hunyumbuka ukakidhi haja mpya.

Uhamiaji ni badiliko la namna hiyo hasa. Binamu aliye Chicago huombwa kumsimamia mtoto wa kijijini, na kwa ombi hilo kijiji humfunga kamba laini. Hawezi kusimama kanisani kwa hawala. Atakuja Desemba, amevaa vizuri, atamshika mtoto kwenye maji, na atokapo mlangoni watoto wa mtaa watamzunguka wakimpigia kelele awape bolo, yaani konzi ya sarafu ambazo baba wa ubatizo huzirusha hewani, nao huzigombania vumbini. Kuna wasimamizi wa kipaimara, wa harusi, na wa hafla ya msichana atimizapo miaka 15, ambapo mmoja hugharimia keki, mwingine viatu, mwingine wapiga muziki. Harusini yuko hata msimamizi wa arras, sarafu 13 ambazo bwana arusi humkabidhi mkewe. Wageni wa nchi huona huko ni kugawana gharama. Ni kweli, ila hesabu yake ni pana zaidi: karamu moja huweza kuzaa macompadre kumi, na kila mmoja wao ni sababu ya gari jingine kuja mwaka ujao. Kwa hiyo harusi na ubatizo mwingi wa vijiji hivi hupangwa Desemba, na kasisi huwa na kazi ya mwaka mzima katika majuma matatu.

Jikoni namo mna elimu. Jioni mwenye nyumba huchemsha mahindi makavu katika maji yenye chokaa, akayaacha usiku kucha. Alfajiri huyaosha hata maganda yakavuka, akayapeleka kwenye kinu cha kijiji, akarudi na unga mbichi wenye harufu ya mawe yaliyonyeshewa, akaukanda, akautandaza mwembamba na kuuchoma juu ya kikaango bapa. Chokaa ile hulegeza ganda, huongeza madini ya mifupa, na hufungua vitamini iliyojificha ndani ya punje. Wazungu walipoyachukua mahindi kutoka Amerika waliiacha elimu hii nyuma, na maskini wa Italia na Hispania walioishi kwa mahindi matupu wakapatwa na pelagra, maradhi ya kukosa vitamini hiyo. Mahindi yetu ya Afrika Mashariki asili yake ni huko huko, kwa wakulima wa Meksiko walioyalea kutoka nyasi ya mwituni maelfu ya miaka iliyopita, na msomaji alaye ugali asione kwamba nyumba hizi ni za watu wa mbali sana naye.

Wapo wasioweza kuja, na habari yao yatia huzuni. Asiye na hati aliye Marekani, akitoka, huenda asirudi kazini kwake wala kwa wanawe, na tangu ulinzi wa mpaka ulipokazwa katika miaka ya 1990 wengi wamekaa miongo bila ya kuonana na mama zao. Hawa hutuma watoto. Mtoto aliyezaliwa Dallas, mwenye pasipoti ya Marekani, hupakizwa katika gari la ami yake, naye huwa balozi: hupokea kumbatio lililokusudiwa babaye, huketi kwenye kiti chake, na hupelekwa makaburini kuwekwa mbele ya jiwe la babu ambaye babaye hakuweza kumzika. Tangu mwaka 1998 Meksiko imeruhusu uraia wa nchi mbili, hivyo mtoto huyo aweza kuwa raia wa kijiji kile kwa karatasi pia. Lakini bibi yake hakungoja karatasi.

Kurudi huanza baada ya tarehe 6 Januari. Siku hiyo hukatwa mkate wa duara wa Wafalme Mamajusi, ambao ndani yake mmefichwa kisanamu kidogo cha mtoto Yesu, na yule ambaye kipande chake kina kisanamu hicho hupaswa kuwaandalia wote waliokuwapo tamale, chakula cha unga wa mahindi, tarehe 2 Februari. Msafiri akikipata, naye anangojwa kazini Houston juma lijalo, hawezi kukikataa. Comadre wake huyapika tamale kwa jina lake, na yeye huondoka asubuhi kuelekea mpakani, ambako atasimama katika foleni nyingine kurudisha kibali cha gari na kuchukua amana yake, ilhali lile deni la tamale limebaki kwa comadre.