Upanga wa Kale wa Kiarabu: Umri Wake Hutambuliwaje?

Kariandusi, karibu na Gilgil, yamechimbuliwa mashoka ya mawe yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Wataalamu waliujua umri huo kwa kuchunguza tabaka za udongo na majivu ya volkano yaliyoyafunika. Lakini upanga wa Kiarabu uliorithiwa kwa babu haukufunikwa na udongo. Umepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja huenda alibadili kitu. Kwa hiyo bapa, mpini na ala yapasa vichunguzwe kimoja kimoja. Ala ni ya ngozi, nayo huchakaa upesi. Mara nyingi ndiyo changa kuliko vyote.

Upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili na mpini wa mviringo usio na kinga ya mkono, ni wa namna ya Oman. Watu wa pwani waliuita mrefu wa makali mawili upanga wa feleji, na ule mfupi wenye mpini kama msalaba wakauita upanga wa imani. Hata hivyo mpini hausemi chuma kilifuliwa wapi. Bapa nyingi zilifuliwa Solingen, Ujerumani, zikaletwa kwa meli, ndipo mafundi wa Kiarabu wakazitia mipini. Na ukiona mbwa mwitu akikimbia amechorwa kwenye chuma, usifurahi upesi: alama hiyo ya Wajerumani ilitumika karne nyingi, na mafundi wa nchi nyingine waliiiga.

Tarakimu ndizo zidanganyazo zaidi. Mwaka 1300 ulioandikwa kwa Kiarabu ni wa Hijria, nao ulianza Novemba 1882. Mwenye kuusoma kama mwaka wa Kizungu ameuzidishia upanga wake miaka 582! Kumbe huo ndio wakati wa misafara ya pwani iliyopitia Naivasha kwenda Baringo. Joseph Thomson alipita Bonde la Ufa na wapagazi wa pwani mwaka 1883. Upanga kama huo waweza kufika Gilgil bila muujiza wowote.

Umri huo si fahari tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitoa nje kwataka kibali. Basi mwenye upanga asiusugue kwa msasa, maana msasa hufuta chapa ya fundi. Aupanguse kwa kitambaa kikavu, aandike ulitoka kwa nani, kisha awaonyeshe wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kabla hajakubali bei ya mtu yeyote.