Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Wazee wa Unyanyembe walijua kubeba. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa ratli sitini au sabini, akashuka Bagamoyo na kupanda tena, mwendo wa miezi. Mshahara wake ulikuwa nguo, ile merikani iliyokuja kwa merikebu kutoka Marekani. Nguo huliwa na mchwa, tena huloa mvua. Basi mwenye akili, akifika kwao, aliigeuza upesi kuwa ng'ombe au majembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake.

Mikopo ilikuwapo siku zile, tena mikubwa. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za safari nzima, akangoja pembe zirudi. Mpagazi wa kawaida hakuwa na mlango huo.

Na huko Ujiji, mwisho wa njia, palikuwa na desturi ya ajabu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alikuta soko zima linatumia ushanga ulioitwa sofi, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, watu wenye mikoba ya sofi waliwabadilishia wanunuzi. Likifungwa, walizipokea tena kwa wauzaji. Walipata faida kwenda na kurudi. Msomaji aliangalie jambo hilo vema, maana halijafa.

Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga fedha papa hapa Tabora. Walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka uleule Wabelgiji wakauingia mji. Siku hizi sarafu hizo hutafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya. Mwanakijiji wa Sikonge hakufaidika na tembo yule.

Februari 1967 Serikali ilizitwaa benki ziwe mali ya taifa. Lilikuwa jambo kubwa, lakini tawi lilibaki mjini. Mtu wa shamba alipoteza siku nzima na nauli, na akifika dirishani aliulizwa karatasi asizokuwa nazo.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza nchini Tanzania mwaka 2008, na duka la chumvi na sabuni likawa mahali pa kupokea fedha. Mwaka 2009, katika watu wazima mia wa Tanzania, 16 hivi tu walitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2023 wakafika 76. Ni mabadiliko makubwa, nani atakataa? Lakini wakala naye, kama yule wa sofi, hula kidogo kidogo. Anayetoa shilingi elfu tano mara nne hulipa ada mara nne. Tena mtoto akikutumia fedha kutoka Dar es Salaam ukaitoa yote siku ileile, akiba haijawekwa bado, wala mkopo wa haki haujapatikana.

Hapo ndipo penye taabu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hukopeshwa mbolea kwa njia ya chama cha msingi, na deni hukatwa tumbaku ikiuzwa. Wanachama hudhaminiana, hivyo mara nyingi aliyelima vizuri amemlipia aliyeshindwa. Na mtoto akiugua Februari, tumbaku ingali shambani? Ndipo hutokea yule mkopeshaji ambaye watu wenyewe wamempa jina: kausha damu. Fedha ni kidogo, riba huhesabiwa kwa juma, na baiskeli au simu huwekwa rehani. Kina mama wengi huyaficha madeni hayo hata kwa waume zao, na nyumba huvurugika.

Kwa sababu hiyo twavisifu vikundi vya hisa. Mpango huu ulianza Niger mwaka 1991 kati ya wanawake, ukafika Unguja na bara. Majirani ishirini au thelathini hukutana kila juma. Kila mtu hununua hisa mbele ya wenzake, fedha huhesabiwa kwa sauti, kisha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hutunzwa na mtu wa nne. Mwenye shida hukopa humo, kwa kawaida asizidishe mara tatu ya akiba yake, na riba hurudi kwa wanachama wenyewe. Pembeni upo mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Baada ya mwaka hivi hugawana.

Sheria ya mwaka 2018 yavitaka vikundi hivi viandikishwe, na kazi hiyo hufanyika halmashauri. Msiidharau. Kikundi kisichoandikwa, mweka hazina akikimbia, kitalalamika kwa nani? Wala funguo mbili zisilale nyumba moja, hata kama ni ya mume na mke waaminifu. Na baba wa nyumba, mama akirudi na kitabu chake cha hisa, usimwombe fedha ya pombe.

Jambo la mwisho ni siku ya kugawana. Vikundi vingine hupenda Desemba, na fedha huishia katika nguo na nyama za sikukuu. Kwa nchi yetu ya Tabora mwezi wa Oktoba wafaa zaidi: mvua haijanyesha, mbegu na mbolea zatakiwa, na fedha ya mahitaji ya shule ya Januari yaweza kutengwa mapema.