Mafuta ya mawese, ndagala na maumivu ya mgongo

Ukipanda kutoka Moba-Port kwenda Kirungu mwezi wa saba, angalia chupa ya mawese. Kule chini, ku ziwa, mafuta yanamiminika bila shida. Kule juu, asubuhi, yameganda. Mama mwenye kuuza anaweka chupa pembeni ya moto kwanza ndipo yatoke. Mafuta ni yale yale. Baridi ya Marungu njo imeyashika.

Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina iliyonyooka, yanapangana sawa mbao, na kukiwa baridi yanashikana. Mafuta ya samaki yamepindika, hayapangani vizuri, njo maana hayagandi mbio.

Sasa ninyi wenye kushuka mashimoni Manono ao Nyunzu kutafuta kasiterite na koltani, nanyi wake zao mliobaki huku Moba, habari hii inawahusu vipi? Inawahusu hivi: mwili wa mtu umejengwa na vijumba vidogo sana, seli, na ukuta wa kila kijumba ni mafuta. Si ukuta wa matofali. Unatembea-tembea sawa maji mazito, na ndani yake kunaelea wafanyakazi wale watoto wa shule wanaita anzimu. Mfanyakazi huyo hafanyi kazi peke yake. Mafuta yanayomzunguka yanamsukuma ao yanamzuia.

Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark alionyesha mmoja wao katika mishipa ya miguu ya kaa. Ni pampu: inatosha chumvi ya sodiamu ndani ya seli na kuingiza potasiamu, tatu zinatoka, mbili zinaingia. Mtu akipumzika tu, pampu hizi zinakula karibu 20 kwa mia ya nguvu zake zote, ao zaidi. Wataalamu walipoosha mafuta yote yanayoizunguka, pampu ilisimama. Walipoyarudisha, ikaanza tena. Skou alipata zawadi ya Nobel mwaka 1997.

Lakini jambo lenye kugusa mchimbaji zaidi ni maumivu. Umepiga nyundo mchana kutwa, umebeba mifuko, usiku mgongo unawaka. Moto ule unatoka wapi? Sehemu yake kubwa inatoka mu ukuta wenyewe wa mafuta. Ndani ya ukuta ule kumefichwa asidi moja ya mafuta, arakidoniki. Nyama ya mwili ikiumia, anzimu ya kwanza inakuja ku ukuta na kukata asidi ile, sawa mtu anayekata kamba ya mzigo. Kiisha anzimu ya pili inaichukua na kuigeuza kuwa prostaglandini, na hizi njo zinavimbisha fasi iliyoumia, zinaleta joto, zinafanya neva isikie uchungu hata ukiguswa kidogo. Hakuna asidi iliyokatwa, anzimu ya pili inakaa bure, haina kitu cha kufanya.

John Vane wa Uingereza alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inazuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki, vidonge vile vinauzwa kimoja-kimoja pembeni ya mashimo, vinafunga mlango wa anzimu ile ile. Dexa inafanya kazi mbele zaidi, inapunguza hata ule ukataji wa kwanza. Lakini inagusa mambo mengi ya mwili, na kuimeza bila munganga, eti inenepeshe, ni kucheza na moto.

Na hapa kuna mtego. Anzimu ile ya pili haitengenezi maumivu tu. Mu tumbo, prostaglandini zinalinda ngozi ya ndani isiliwe na asidi. Mu figo, zinasaidia damu kupita, zaidi sana wakati maji yamepunguka mwilini. Mchimbaji anayetoka jasho siku nzima, anakunywa maji kidogo, hajakula, kiisha anameza kidonge kila asubuhi ili aweze kushuka, anafunga milango yote kwa mara moja. Choo chake kikiwa cheusi sawa lami, ao akitapika damu, ao mkojo ukipunguka sana, aache kidonge na aende hospitali siku ile ile.

Samaki anaingia wapi? Mafuta ya ndagala na samaki wengine wa ziwa yana asidi za omega-3. Mtu akila samaki mara kwa mara, kwa majuma kadhaa, asidi zile zinaingia mu ukuta wa seli na kuchukua sehemu ya nafasi ya arakidoniki. Anzimu ya pili ikiletewa omega-3, inafanya polepole, na kile inachotosha kina nguvu kidogo. Kwa wagonjwa wa viungo kuvimba, mafuta ya samaki yamepunguza uchungu kwa kiasi. Kwa kiasi, nasema. Bakuli la ndagala leo jioni halitatosha mgongo unaouma leo usiku, na mwenye kuuza samaki kama dawa anadanganya.

Mawese nayo si adui. Mekundu yana vitamini A kwa watoto. Ila omega-3 karibu hayana, na mchimbaji anayekula bukari na mafuta tu, mwezi kwa mwezi, anajenga ukuta bila mafuta ya samaki.

Mafuta yale yaliyopindika yana udhaifu wake: hewa na jua vinayaharibu mbio. Ndagala zilizogeuka rangi ya manjano na zenye harufu kali zimekwisha kupoteza sehemu yake. Kwa hiyo mama, kama unatuma mzigo Manono, zianike zikauke sawasawa, uzifunge vizuri hewa isiingie, uziweke fasi ya kivuli, na umwambie baba azile kabla hazijakaa miezi mingi.