Mapovu Yanayomsaidia Mtoto Njiti Kupumua

Hebu msomaji abandike vipande viwili vya kioo vilivyolowa maji, kisha ajaribu kuvitenganisha. Ataona jinsi vinavyong'ang'aniana. Ndivyo vifuko vya hewa vya mtoto njiti vinavyogandamana kila atoapo pumzi. Mapafu yaliyokomaa hutengeneza ute wa kupunguza mvutano huo wa maji, nao hutosheleza kuanzia wiki ya 34 hivi ya mimba. Upungufu wake ulibainishwa mwaka 1959 na Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Marekani.

Tiba mojawapo ni sahili ajabu. Hewa yenye oksijeni hupitishwa puani kwa mpira, na ncha ya mwisho ya mpira huzamishwa majini yapata sentimita 6. Kina hicho ndicho kipimo cha shinikizo; mapovu yanapobubujika, vifuko hubaki wazi hadi mapafu yatengeneze ute wake. Nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wachanga waliotibiwa hivyo walipona kwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya kawaida kwa asilimia 44.

Njia ya kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga hupanda milima ya Umatengo, na mtoto anayekosa pumzi hastahimili safari ndefu. Kwa hiyo kifaa hiki chafaa kiwe karibu na mama, pamoja na umeme wa uhakika na muuguzi asiyesinzia: mpira ukichomoka puani, mapovu hukoma.