Mtoto Mwenye Usonji: Je, Tuuze Shamba?

Mama mmoja alitujia kliniki na mwanawe wa miaka mitatu, asiyetamka neno wala kugeuka akiitwa. Alikuwa amesikia kwamba tiba ikianza mapema mtoto hupona, naye alikuwa tayari kuuza shamba. Tulimsihi asubiri.

Habari hiyo ina chanzo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa California, Marekani, alitangaza kwamba watoto 9 kati ya 19 aliowafundisha walimaliza darasa la kwanza la kawaida. Lakini kila mtoto alifundishwa peke yake, saa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi. Nani kati yetu awezaye kulipia hayo? Tena watoto hawakugawanywa kwa kura, na wengine walichapwa kofi pajani. (Hilo sisi wauguzi hatulikubali kamwe.)

Usonji hauondoki. Faida tunayoitafuta ni mtoto aombe maji badala ya kujigonga kichwa ukutani.

Huko Uingereza wazazi walionyeshwa video zao wenyewe wakicheza na watoto wao, wakajifunza kumsubiri mtoto na kumjibu. Matokeo ya mwaka 2016, yapata miaka sita baadaye, yalionyesha dalili zimepungua kiasi, ingawa hofu za watoto hazikupungua.

Yule mama hakuuza shamba. Kila jioni hukaa mkekani na mwanawe nusu saa, huku binti mkubwa akisonga ugali na kunung'unika. Manung'uniko hayo nayo ni gharama. Tumemwita baba, achukue zamu.