Nani Agharamie Njia na Viwanja vya Burudani? Funzo kwa Wakazi wa Kahawa Sukari

Utangulizi

Kahawa Sukari ni wadi ya eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa kabla ya nyumba kuchukua nafasi ya mibuni. Barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, iliyaharakisha mabadiliko hayo. Mji unapokua hivyo, ardhi ya wazi hupanda thamani na kiwanja cha michezo huwa windo rahisi la wajenzi. Makala haya yananuia kufafanua njia tatu za kugharamia mahali pa burudani, kwa kuanzia na burudani inayodhaniwa kuwa ya matajiri pekee: kuendesha gari nyikani, nje ya barabara.

Njia ya Kwanza: Ushuru wa Mafuta

Anunuaye petroli hulipia barabara hata kama chombo chake hakitakanyaga lami. Nchini Marekani, hoja hiyo ilizaa sheria. Jimbo la California liliamua mnamo 1971 kwamba sehemu ya ushuru wa mafuta, pamoja na ada za usajili wa magari ya nyikani, itengenezee magari hayo njia na maeneo maalumu. Mwaka wa 1991 serikali kuu ya nchi hiyo ikafuata mkondo huo. Katika mpango wake, asilimia 30 ya fedha huenda kwa njia za vyombo vya moto, asilimia 30 kwa waendao kwa miguu, baiskeli au farasi, na asilimia 40 kwa njia za matumizi mseto.

Kenya nayo ina ushuru wa matengenezo ya barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1993. Mnamo Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Hata hivyo, fedha hizo zimekusudiwa barabara za umma, wala si vijia vya burudani. Je, dereva wa nyikani ana haki ya kudai fungu lake? Huenda anayo, lakini mkulima anayenyunyizia mboga maji kwa pampu ya petroli, na mvuvi wa Ziwa Viktoria mwenye mashua ya injini, wana dai kama hilo, tena lenye uzito zaidi.

Njia ya Pili: Ahadi za Wafadhili

Kwa kukosa fungu la serikali, wapenzi wa magari nchini Kenya walibuni njia yao. Shindano la Rhino Charge lilianza mwaka wa 1989 ili kulichangia shirika la Rhino Ark, lililoundwa mwaka uliotangulia kwa nia ya kuwalinda vifaru weusi wa Aberdare. Washindani hupewa saa kumi kuvifikia vituo 13 katika nyika ngumu, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi zaidi, wala si mwenye kasi. Kila timu hutafuta wafadhili wa kuichangia. Haba na haba hujaza kibaba: kwa michango hiyo, pamoja na ya serikali na wahisani wengine, ua wa umeme wa takribani kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009.

Jambo hilo halikosi maana kwa wakazi wa eneo hili. Mito Chania na Thika, inayopita mjini Thika, huanzia katika milima hiyo hiyo ya Nyandarua. Gari linalohangaika nyikani limechangia kuulinda msitu unaowanywesha wasiomiliki hata baiskeli.

Njia ya Tatu: Kiingilio

Msitu wa Karura, jijini Nairobi, ni mfano wa tatu. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005 iliruhusu jamii kushirikiana na serikali katika usimamizi wa misitu, na ada za wageni zikasaidia kutunza vijia na kuimarisha usalama. Kasoro ni kwamba asiye na kiingilio hubaki nje ya lango. Isitoshe, Agosti 2025 ulizuka mvutano, uliofika mahakamani, kuhusu agizo kwamba ada zote zilipwe kupitia jukwaa la serikali la eCitizen. Kumbe swali la nani alipe huzaa jingine: nani azishike fedha?

Hitimisho

Hakuna njia inayojitosheleza. Ahadi hutegemea ukarimu, kiingilio huwabagua maskini, na ushuru una wengi wanaoudai. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti bustani na vifaa vya burudani. Kwa hiyo bajeti ya kaunti ndiyo mlango wa kwanza kubishwa. Makadirio yake hufikishwa bungeni mwa kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni.

Lakini kabla ya fedha kuna ardhi. Mapambano ya Wangari Maathai kuhusu Bustani ya Uhuru mwaka wa 1989 na Karura miaka kumi baadaye yalihusu kwanza umiliki, si matengenezo. Kiwanja kisicho na hati hakina bajeti inayoweza kukiokoa. Wakazi wa Kahawa Sukari wakianza na hati, mjadala wa nani alipe utakuwa na mahali pa kusimama.