Mfuko wa Dawa Kwanza: Kufungasha Mizigo ya Mgonjwa Anayesafiri kwa Ndege

Katika nyumba nyingi, safari ya ndege ikishathibitika, nguo ndizo hufungashwa kwanza, kisha zawadi za wenyeji, kisha vyakula vya njiani. Dawa hutiwa usiku wa mwisho katika upenyo uliobaki pembeni mwa sanduku kubwa. Kwa mgonjwa, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Sanduku kubwa hupita katika mikono ya watu wengi, na mara nyingine hubaki katika uwanja wa kubadilishia ndege wakati mwenyewe amekwisha kufika. Msafiri anayekosa mashati kwa siku mbili atafua alilovaa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayekosa insulini kwa siku hizo mbili anaweza kufikishwa hospitalini akiwa hajitambui.

Mashirika mengi ya ndege huruhusu sanduku la kupakiwa la kilo 23 na begi la mkononi la kilo 7, ingawa tiketi ndiyo yenye neno la mwisho. Kilo 7 humtosha mgonjwa iwapo atafuata kanuni moja: kitu asichoweza kukinunua kesho yake asubuhi mahali anakokwenda kikae mkononi. Dawa zote za kudumu zimo humo, pamoja na mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake, dawa ya pumu ya kuvuta, miwani, vyeti, na nguo za siku moja. Kiasi cha dawa kihesabiwe kwa siku za safari na kuongezewa walau wiki moja, kwa kuwa matibabu ya rufaa huchelewa kumalizika kuliko yalivyopangwa. Vidonge vya siku ya safari yenyewe viwekwe katika kifuko kidogo chini ya kiti cha mbele, visiwe kwenye rafu ya juu ambako mtu hawezi kuvifikia ndege inapotikisika.

Insulini inahitaji maelezo zaidi. Ile ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na inayotumika huweza kukaa nje ya jokofu, chini ya nyuzi 30, kwa takriban wiki nne kwa aina nyingi. Adui wake ni wawili, joto kali na kuganda. Nje ya ndege, katika kimo cha mita 11,000, baridi hupita nyuzi 50 chini ya sifuri. Sehemu ya mizigo haifikii baridi hiyo, lakini hali yake hutofautiana baina ya ndege na ndege, na kabla ya kupakiwa sanduku huweza kuachwa juani juu ya lami. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida; hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mgonjwa hujidunga akiamini amepata dozi yake. Kwa hiyo ikae mkononi muda wote. Chupa ya chai yenye mdomo mpana inafaa sana: itiwe maji ya baridi kwa dakika chache, imwagwe, ikaushwe, kisha insulini iingizwe ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Atumiaye kifuko cha barafu ahakikishe barafu haigusi dawa. Sindano ya kalamu iondolewe kila baada ya matumizi, kwani mgandamizo wa hewa ndani ya ndege hushuka na viputo huingia kwenye dawa. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye mfuko wa kinyesi tumboni aumwage kabla ya kupanda, na abebe mifuko ya akiba zaidi ya anayoitumia nyumbani.

Wengi huogopa kubeba dawa za maji kwa sababu ya ukaguzi. Kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa kilianza mwaka 2006, baada ya kugunduliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Kanuni hiyo huacha nafasi kwa dawa zinazohitajika safarini, hata zikizidi kiasi hicho. Sharti ni kuzitoa kwenye begi na kumwonyesha mkaguzi pamoja na barua ya daktari, kabla hajaziona mwenyewe kwenye mashine.

Barua hiyo ni kazi yetu sisi watoa huduma, na mara nyingi huandikwa vibaya. Jina la biashara la dawa linalofahamika Dar es Salaam huenda lisijulikane kabisa Chennai. Liandikwe jina halisi la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya dozi kwa siku, na uhitaji wa sindano iwapo upo. Jina la mgonjwa lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Hakuna ulazima wa kutaja ugonjwa. Maneno “anatumia dawa hizi kila siku kwa maelekezo ya daktari” yanatosha.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kwa wanaotumia dawa za kufubaza makali ya VVU. Wapo wanaobandua lebo, au kumimina vidonge katika chupa ya vitamini, ili ndugu wanaosafiri nao wasijue. Sababu yao inaeleweka na haistahili kukemewa. Hata hivyo, vidonge visivyo na jina ndivyo vinavyomfanya ofisa wa forodha aulize maswali mbele ya watu, yaani aibu ile ile iliyokuwa ikikimbiwa. Tena chupa ya asili huwa na kifuko cha kunyonya unyevu, nayo hulinda dawa. Mshauri wa kliniki azungumze na mteja mapema: chupa ibaki na lebo, izungushiwe soksi nene na kubanwa katikati ya nguo za kubadili ili mlio wa vidonge upungue, na barua ikae kwenye bahasha iliyofungwa. Mumbai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa mbili na nusu. Aliyezoea kumeza saa mbili usiku atameza huko saa nne na nusu usiku, bila kubadili chochote mwilini.

Dawa nyingine zote ziachwe kwenye karatasi zake za asili zenye jina na tarehe ya kuisha muda. Maboksi yake ndiyo yanayokula nafasi. Yakunjwe bapa, lebo ya duka la dawa ikionekana, na kufungwa pamoja kwa mpira.

Dawa za maumivu makali kama mofini, tramadoli na kodeini, na baadhi ya dawa za usingizi na za akili, ni suala la sheria. Umoja wa Falme za Kiarabu huhitaji kibali kinachoombwa kwa mtandao kabla ya safari, na Saudi Arabia nayo huzidhibiti, jambo ambalo mahujaji wetu wazee wenye maumivu ya mgongo mara nyingi hawalijui. Ubalozi uulizwe wiki kadhaa kabla ya safari.

Anayekwenda kutibiwa ana mzigo mwingine wa thamani: kumbukumbu zake. Picha za eksirei zisikunjwe. Santuri ya picha za MRI inakiliwe kwenye simu au diski mweko. Vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta kwa uchunguzi wa saratani huharibika nta ikilainika kwa joto, na vioo vyake vya hadubini huvunjika. Vyote vifungwe kwa pamba ndani ya kopo gumu na kubebwa mkononi. Sampuli ikipotea, pengine mgonjwa atachomwa tena, na safari hii uvimbe huenda umekwisha kutolewa.

Betri za akiba za lithiamu, zikiwemo za kuchajia simu, haziruhusiwi katika sanduku la kupakiwa kwa sababu ya moto. Hadi wati-saa 100 hubebwa mkononi bila kibali maalumu, na benki ya umeme ya kawaida ya miliampia-saa 20,000 ina takriban wati-saa 74. Mtungi wa oksijeni wa nyumbani huwa haupokelewi. Shirika liulizwe mapema linatoa nini.

Nguo, zilizokuwa za kwanza, sasa zinajaza kilichobaki. Zikunjwe kwa kuviringwa, vizito vikae upande wa magurudumu, na sanduku lipimwe nyumbani. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji wa tumbo achukue masanduku mawili madogo badala ya moja kubwa iwapo tiketi inaruhusu, maana wakati wa kurudi hatakiwi kunyanyua kitu kizito, na kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kukata tiketi.